Kizibao cha Mkia

Kwa miaka miwili kizibao kile kilikaa chini ya kitanda cha Ashwin Kammies, ndani ya mfuko mtupu wa unga, nyuma ya viatu vyake vya kanisani. Hakumruhusu mtu kufagia chumba chake. Alifagia mwenyewe, na majirani wakawa wanamwambia mama yake ana bahati ya mtoto msafi. Jumamosi ya mwisho ya Septemba, mapema asubuhi, alikitoa, akakikunja, akakisukumia ndani ya mkoba wa pikipiki. Leo nasema, alijiambia. Mwaka jana, siku kama hiyo, alijiambia vilevile.

Chama chao cha pikipiki pale Graaff-Reinet si cha matajiri. Ni walimu, makanika, dada mmoja mwuguzi, na wastaafu ambao wake zao wamechoka kuwaona nyumbani. Mara moja kwa mwaka wanaizunguka miji ya kale ya Karoo, Aberdeen, Murraysburg, Nieu-Bethesda, wanakunywa kahawa chini ya minara ya makanisa na kurudi jua likiwa bado juu. Hawapotezani njiani, kwa kuwa wana sheria ambayo hata mlevi wao anaijua. Kwenye kila njiapanda, yule anayemfuata kiongozi anasimama na kuwaonyesha wenzake pa kukata. Huyo anaitwa mshika kona. Haondoki, mvua inyeshe, mkojo umbane, mpaka amwone mkia, yaani mtu wa mwisho kabisa, mwenye kizibao cha rangi ya machungwa. Mkia akifika anagonga helmeti yake mara mbili, maana yake nyuma yangu hakuna mtu, na hapo mshika kona anawasha na kwenda. Ukifika njiapanda usione mtu, nenda moja kwa moja. Na kizibao hakiazimwi. Ni hayo tu, mtoto wa miaka sita angeyashika.

"Ashwin, leo mkia ni wewe," alisema Mervyn Oktober, kiongozi wao, mwalimu wa hesabu ambaye tumbo lake hufika kwenye usukani kabla ya mikono. "Mercia ndiye aliyeomba. Usiniletee ubishi na mjane asubuhi asubuhi."

Mercia Windvogel alikuwa amekwisha shuka kwenye pikipiki ya marehemu mume wake. Alijifunza kuiendesha baada ya msiba, akaanguka nayo mara tatu, na akimwona mtu anataka kumsaidia kuisimamisha alimfukuza. Alimtandazia Ashwin kizibao kipya kifuani, akakipima mabegani kama fundi cherehani.

"Nimekushonea, shemeji. Nimeweka uzi wa kijani kama wa kile cha Denzil. Kile sijui kiliishia wapi. Walinirudishia saa, walinirudishia viatu, kizibao hakikuwemo. Nadhani mto ulikichukua."

Ashwin alisema asante. Alisema asante mara mbili, akakivaa.

Basi haya ndiyo yaliyotokea miaka miwili nyuma, na yeye peke yake duniani ndiye aliyeyajua yote.

Mkia siku ile alikuwa Denzil, mume wa Mercia, rafiki wa Ashwin tangu darasa la kwanza. Walipomaliza kula Murraysburg, Denzil alitaka kupita kwa bibi mmoja aliyeuza tini za sukari kwenye chupa, maana Mercia alizipenda hizo tini kupita kiasi. "Shika kizibao, uwe mkia badala yangu," alimwambia Ashwin huku akikivua. "Dakika kumi tu. Nitakukamata kabla ya Rietkuil, na vumbi langu utalila." Walipaswa kumwambia Mervyn. Hawakumwambia, kwa kuwa Mervyn angetoa hotuba. Ashwin akakivaa, na kusema kweli alijiona. Hakuwahi kupewa umkia hata siku moja.

Njiapanda ya Rietkuil iko katikati ya changarawe, haina kibao. Kushoto unapanda mlima kwenda Nieu-Bethesda. Moja kwa moja unateremka kwenye kivuko cha zamani cha mto, na mafuriko ya kiangazi kilichopita yalikuwa yameuchukua upande mmoja wa kivuko hicho. Aliyeshika kona alikuwa Oom Dawid Plaatjies, Oom kwao ni mjomba, mstaafu wa posta na msomaji wa Maandiko kanisani, mtu ambaye angesimama pale mpaka Krismasi kama sheria ingetaka. Ashwin alipomfikia alifikiria kusimama amwambie kwamba Denzil yuko nyuma. Lakini asimame, avue glavu, aeleze kwa nini kizibao kiko mwilini mwake, kisha asikilize mawaidha ya mzee mzima juani? Akaona tabu. Akagonga helmeti mara mbili. Oom Dawid, katika vumbi lile akiona helmeti na kizibao tu, akampungia mkono, akawasha, akaondoka kwenye kona yake kihalali kabisa.

Alipofika Nieu-Bethesda, Ashwin alikivua kizibao nyuma ya ukuta wa kanisa ili amrudishie Denzil kimyakimya. Denzil hakuja. Saa ikapita, Mervyn akaanza kuuliza.

"Oom Dawid, ulimwona mkia?"

"Nimemwona. Kagonga mara mbili, na mimi nikaja."

Ikawa basi. Kama mkia amepita Rietkuil, yuko kati ya Rietkuil na hapa. Watu wakatoka wote kutafuta upande huo, korongo kwa korongo. Ashwin alikuwa ameshika kikombe cha kahawa. Dakika moja ilimtosha kusema, na dakika hiyo ikapita, na ya pili ikawa nzito kuliko ya kwanza. Akajitoa kwenye kundi, akarudi peke yake mpaka Murraysburg kwa yule bibi wa tini. Bibi akamwambia kijana aliondoka saa saba. Hapo Ashwin akajua Denzil kaishia wapi, maana hata yeye angefika Rietkuil asione mtu angekwenda moja kwa moja. Alirudi mbio mpaka kwenye njiapanda. Giza lilikuwa limeingia, kivuko hakionekani, mto unanguruma, akaita jina mara tatu na hakuitikiwa. Akaogopa. Akapanda mlima kwa wenzake, na kinywa chake kikabaki kimefungwa.

Mchunga kondoo alimkuta Denzil asubuhi chini ya kivuko. Daktari alisema aliishi mpaka karibu na alfajiri.

Watu wakamgeukia Oom Dawid. Ulisema umemwona, umemwona nani? Mzee akaapa kwamba aliona kizibao, akataja mpaka uzi wa kijani. Wakasema kaenda kutafuta kivuli, kaacha kona, halafu kaficha aibu kwa uongo, na kwa uongo wake tumetafuta upande usio na mtu huku mwenzetu akifa. Wakamvua beji ya chama. Kanisani aliacha kusoma Maandiko kwa hiari yake, akasema macho yake hayaaminiki tena. Na mwaka uliofuata, siku ya safari, alitangulia Rietkuil bila kualikwa na kusimama mahali pake palepale. Mervyn akaweka mshika kona mwingine upande wa pili wa barabara. Pikipiki kumi na nne zilimpita yule mzee na hakuna aliyemwinulia hata kidole. Ashwin naye alipita, macho kwenye kipimo cha kasi.

Hayo ndiyo aliyokuwa nayo tumboni waliposimama Aberdeen kunywa chai. Mnara mrefu wa kanisa la pale umeinama kidogo, na kila mwaka lazima mtu aseme umeongeza kuinama. Mercia alikaa karibu naye na mkate wa kuchomwa mkononi, hakuuma.

"Oom Dawid alikuja kwangu Pasaka," alisema. "Alipiga magoti mlangoni. Mzee wa miaka sabini na mbili."

"Alitaka nini?"

"Kukiri. Kaniambia, mwanangu, mimi nakumbuka nimekiona kizibao, lakini kila mtu anasema haiwezekani, basi nitakuwa nimedanganya, nisamehe." Aliuweka mkate chini. "Nilimfungia mlango, Ashwin. Nikasimama nyuma ya mlango nikamsikia akihangaika kuinuka, magoti yakikataa. Sikufungua. Unaona nilikuwa mtu wa namna gani?"

"Shemeji."

"Nini?"

"Hapana. Chai yako inapoa."

Ndivyo alivyosema, mpumbavu yule. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, na yeye akazungumzia chai.

Murraysburg hakula. Mervyn alimwona akiigeuzageuza nyama ya kondoo kwenye sahani. "Unakula kama bibi harusi mbele ya wakwe," akamwambia, na meza nzima ikacheka, na Ashwin akacheka nao kwa sababu uso ulikuwa umezoea. Kisha wakawasha, mmoja mmoja, na yeye akatoka wa mwisho. Kabla ya kutoka alihesabu pikipiki. Akahesabu tena. Alizunguka mpaka nyuma ya mgahawa kuhakikisha hakuna aliyebaki.

Vumbi la wenzake lilikuwa bado linaelea alipofika Rietkuil. Upande wa kushoto alisimama dada mwuguzi, mshika kona wa leo, ameupa upande wa pili mgongo. Upande wa pili alisimama Oom Dawid, amevaa koti lake la kanisani, helmeti kwapani, pikipiki yake kuukuu kwenye stendi. Alikuwa amekonda. Ashwin alimfanyia dada ishara atangulie. Dada akasita, akamtazama mzee, akatazama pembeni, akaenda.

"Pita tu, mwanangu," alisema Oom Dawid. "Mimi sikusubiri wewe."

Ashwin alizima injini. Alishuka, akavua kizibao kipya, akafungua mkoba, akatoa cha zamani, akakivaa. Alikuwa amepanga maneno tangu Aberdeen, na sasa hakuona hata moja. Zipu ikakataa kupanda.

Mzee hakusogea kwanza. Halafu akaja taratibu, akaishika ile zipu, akaipandisha yeye, kama unavyomvalisha mtoto anayechelewa shule. Kidole chake kikafika kwenye tundu lililochomwa na sigara, chini ya kola, lililozibwa kwa uzi wa kijani. Kikabaki hapo.

"Yule alikuwa ni mimi, Oom. Denzil aliniachia Murraysburg. Nilipogonga helmeti alikuwa bado nyuma."

"Mara mbili," alisema Oom Dawid.

"Ndiyo. Mara mbili."

"Nilihesabu. Kila siku nahesabu. Moja, mbili. Nikimaliza naanza tena." Aliondoa kidole. "Nilikwenda kwa daktari wa macho, mjini, pwani. Niliuza kondoo wawili. Akaniambia mzee, macho yako yanaweza kuona chawa kwenye mbwa wa jirani. Nilikaa kwenye basi kurudi nyumbani nikasema, kama macho ni mazima, basi uovu uko ndani yangu. Unajua niliomba nini? Niliomba Mungu anipofushe, ili niwe na sababu."

"Nisamehe, Oom."

"Nilikiri, Ashwin. Nilimwambia Mungu nimeua mtu. Nikaenda nikamwambia na yule mtoto, Mercia."

"Najua. Nisamehe."

"Hilo usiniombe hapa. Nimechoka." Alivaa helmeti, akahangaika na kamba yake chini ya kidevu, na Ashwin hakuthubutu kumsaidia. Alipanda pikipiki yake, akaiwasha, lakini hakuondoka. Alikuwa akimtazama Ashwin, akisubiri.

Ashwin akaelewa. Akageuka kuitazama njia ya Murraysburg, nyeupe, ndefu, ikiwa haina kitu mpaka inapoishia kwenye vilima. Alitazama kwa muda mrefu, kama alivyotakiwa kutazama siku ile. Kisha akagonga helmeti. Moja. Mbili. Oom Dawid akatia gia, akapanda mlima kwenda Nieu-Bethesda, na mkia akamfuata.

Wenzao walikuwa chini ya miti karibu na kanisa, vikombe mkononi. Walipoona nani ametangulia, mazungumzo yakakatika. Mervyn aliinuka aseme jambo. Hakulisema, kwa sababu Mercia alikuwa amekwisha kiona kizibao. Alikuja moja kwa moja, akamshika Ashwin mabegani, akamgeuza, akatazama mgongoni. Akamgeuza tena, akatazama chini ya kola.

"Huu ni mkono wangu," alisema. "Hili tundu nililiziba mimi. Umekitoa wapi?"

Ashwin akasema. Alisema yote, mbele yao wote, kizibao, tini, helmeti, ukuta wa kanisa. Haikuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Miaka miwili alidhani ni mambo mengi, na kumbe yalikuwa maneno machache kiasi hicho.

Mercia alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Tulipokuwa tunatafuta huku," aliuliza, "wewe ulijua yuko nyuma?"

"Nilijua."

"Alikuwa hai."

"Ndiyo."

"Na makaburini ulinishika mkono." Hakuwa analia. "Mwaka mzima umeniletea kuni, Ashwin. Umenifundisha klachi."



"Kivue," alisema Mercia. Ashwin akakivua. Mercia alikipokea, akakikunja mara mbili, akakibana kifuani, akampita Ashwin kama anavyopita mti. Alikwenda kwa Oom Dawid, aliyekuwa bado amekaa kwenye pikipiki yake, maana hakuna aliyemwambia ashuke. Akainama amfungulie kamba ya helmeti.

"Oom, nilikufungia mlango," alisema, na hapo ndipo alipolia.

"Nyamaza, mwanangu. Hukujua."

Watu wakamzunguka mzee. Mervyn alivua beji yake mwenyewe akajaribu kumbandika kwenye koti, pini ikamchoma, damu ikamtoka, akaendelea. Dada mwuguzi alileta kiti. Mtu mmoja aliyewahi kumwita Oom Dawid mwuaji sokoni alikuwa ameshika sahani ya keki mbele yake, akilia waziwazi, na mzee akala kipande kimoja kwa adabu. Ashwin alisimama kando ya pikipiki yake. Alingoja waje wamtukane. Alingoja hata kupigwa, na angeshukuru. Hakuna aliyekuja.

Saa tisa Mervyn akasema wakati wa kurudi. Ndipo alipomtazama Ashwin kwa mara ya kwanza. "Vaa kile kipya," alisema. "Bado wewe ndiye mkia."

Walitoka. Kiongozi siku hiyo hakuwa Mervyn. Walimweka mbele Oom Dawid, na Mercia nyuma yake, na wengine wakafuata wawili wawili kwa mwendo wa mzee. Ashwin aliwapa nafasi, kama inavyotakiwa, akatoka wa mwisho na kizibao kipya chenye uzi wa kijani.

Kutoka Nieu-Bethesda kurudi nyumbani kuna kona moja tu, pale barabara ya kijiji inapoikuta barabara kuu ya lami. Kulia ni Graaff-Reinet. Ng'ambo ya lami, moja kwa moja, ni lango la shamba lililofungwa mnyororo, na baada ya hapo ni nyika tupu. Kila mtu anaijua kona hiyo. Mtoto angeijua. Lakini mshika kona lazima asimame, hata kama wote wamezaliwa barabara hiyohiyo, na katika miaka kumi na tisa ya chama hicho hakuna siku mkia alifika pale asikute mtu.

Ashwin alifika. Hakukuwa na mtu.

Alisimama, akazima injini. Changarawe ya pembeni, mahali pa mshika kona, ilikuwa laini, haina alama ya tairi wala kiatu. Hakuna aliyesimama akabadili mawazo. Walikuwa wamepita tu, wote, kwa mwendo wa mzee. Alitazama kulia, walikuwa wameshatoweka. Alitazama mbele, ambako sheria ilimwambia aende, lango na mnyororo wake. Aliketi hapo juu ya pikipiki mpaka injini ikapoa, kisha akainua mkono na kugonga helmeti mara mbili, taratibu, na hakukuwa na mtu wa kumwona.